Rufaa Kutoka Magindu: Mwongozo wa Mipaka ya Kijiografia ya Mahakama za Rufaa

Mamlaka ya mahakama ni uwezo ambao sheria imeipa mahakama husika wa kusikiliza shauri na kulitolea uamuzi unaowafunga wahusika, na kwa kawaida uwezo huo hupimwa kwa aina ya shauri, kwa thamani ya kitu kinachobishaniwa na kwa eneo. Mwongozo huu unahusu kipimo hicho cha mwisho katika hatua ya rufaa, yaani hatua ambayo mtu asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya chini huiomba mahakama ya juu iupitie na kuurekebisha. Ingawa watu wengi hulizingatia eneo pale tu wanapofungua kesi, ramani ya rufaa ina mipaka yake, nayo inatawaliwa na kanuni ambayo mrufani, yaani mtu anayekata rufaa, anapaswa kuifahamu kabla hajaandika neno lolote: rufaa huifuata mahakama iliyotoa uamuzi, wala haifuati makazi ya mrufani, mahali mali ilipo au ukaribu wa jengo la mahakama na barabara ya lami.

Sababu ya kanuni hiyo ni kwamba haki ya kukata rufaa huzaliwa na sheria iliyotungwa, nayo hutumika kwa namna na mahali ambapo sheria hiyo imeelekeza. Wadaawa, yaani pande mbili za kesi, hawawezi kukubaliana kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa, hata kama mahakama hiyo ingewarahisishia safari wote wawili. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba suala la mamlaka ni la msingi na linagusa mzizi wa uwezo wa mahakama kuamua shauri, na tangu hapo msimamo huo umerudiwa katika hukumu nyingi. Kwa hiyo rufaa iliyopelekwa mahali pasipo pake inaweza kuondolewa mahakamani bila sababu yake hata moja kusikilizwa.

Kata ya Magindu ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, upande ambao wilaya hiyo inapakana na Wilaya ya Kisarawe, na wakazi wake huhudumiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha yenye makao Mlandizi, wakati upande wa mjini una halmashauri yake. Mkazi anaweza kuishi Magindu, akawa na shamba upande wa Kisarawe, akafanya biashara Mlandizi na kuwa na watoto Dar es Salaam. Kwa shughuli za kila siku mipaka hiyo haimsumbui mtu, lakini mahakamani kila mmoja una uzito wake, isipokuwa ule wa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inazungumzia wilaya. Kugawanyika kwa wilaya moja katika halmashauri mbili hakuzai wilaya mbili za kimahakama.

Wilaya kuwa kizio cha utoaji haki ni urithi wa zamani kidogo. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu ya Tanganyika, ikazipeleka rufaa zake kwa watawala, kuanzia mkuu wa wilaya, hadi mkuu wa jimbo, hadi gavana, kiasi kwamba boma lililokusanya kodi ndilo lililosikiliza na malalamiko ya hukumu. Sheria ya awali ya Mahakama za Mahakimu, iliyotungwa mwaka 1963, iliziunganisha mahakama za ngazi ya chini na Mahakama Kuu katika mfumo mmoja, ikamwondoa mtawala kwenye kiti cha rufaa, lakini mpaka wa wilaya ukabaki.

Kwa mujibu wa sheria ya sasa, yaani Sura ya 11, kila wilaya ina mahakama za mwanzo, na kila moja kati ya hizo hutumia mamlaka yake ndani ya wilaya nzima ilimoanzishwa, hata kama ina jina la mji mdogo au kata. Mahakama ya Mwanzo Mlandizi, kwa mfano, haifungwi na mipaka ya Mlandizi. Mtu asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo hukata rufaa, kwa maneno ya kifungu cha 20 katika toleo la mwaka 2019, katika mahakama ya wilaya ya wilaya ambayo mahakama hiyo ya mwanzo imeanzishwa kwa ajili yake. Maneno hayo yanaonekana kama mapambo ya waandishi wa sheria, lakini ndiyo yanayochora mpaka: uamuzi wa mahakama ya mwanzo iliyoko Wilaya ya Kibaha unapingwa katika Mahakama ya Wilaya ya Kibaha, na ule wa mahakama ya mwanzo iliyoko Wilaya ya Kisarawe unapingwa katika Mahakama ya Wilaya ya Kisarawe. Muda ni siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, isipokuwa katika mashauri ya ndoa, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeyawekea siku 45.

Mirathi huonyesha vizuri jinsi kanuni hii inavyofanya kazi. Mahakama ya mwanzo hupata mamlaka juu ya mirathi inayoongozwa na sheria za Kiislamu au za kimila pale ambapo marehemu, wakati wa kufa kwake, alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Mzee aliyeishi na kufia Magindu akiacha shamba la mikorosho upande wa Kisarawe atakuwa na mirathi yake katika mahakama ya mwanzo ya Wilaya ya Kibaha. Mtoto wake anayeishi Kisarawe, asiporidhika na uteuzi wa msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyekabidhiwa kukusanya na kugawa mali za marehemu, hataenda Mahakama ya Wilaya ya Kisarawe kwa sababu ya kuishi huko au kwa sababu shamba liko huko, bali atakwenda Kibaha. Hali ni hiyo hiyo katika jinai: mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya mwanzo ya Wilaya ya Kibaha, kisha akajikuta anatumikia kifungo katika gereza la Dar es Salaam, rufaa yake inabaki kuwa ya Mahakama ya Wilaya ya Kibaha, hata kama karatasi zake zitapita mikononi mwa uongozi wa gereza.

Upo mtego mwingine ambao hautokani na umbali hata kidogo. Kibaha mjini, pamoja na Mahakama ya Wilaya, ipo Mahakama ya Hakimu Mkazi, ambayo nayo ni ya mahakimu lakini imeanzishwa kwa utaratibu wake na ina eneo lake. Sheria imeipa Mahakama ya Wilaya rufaa za mahakama za mwanzo, wala haikuitaja Mahakama ya Hakimu Mkazi, na hata kama hakimu mmoja anaweza kuketi leo katika mahakama hii na kesho katika ile, kichwa cha hati ya rufaa kinapaswa kutaja mahakama iliyo sahihi. Anayeandikiwa hati hiyo na mtu mwingine, awe wakili au mwandishi wa mitaani, asiisaini kabla ya kusoma mstari wa kwanza.

Mambo mawili yanayofanana yanapaswa kutofautishwa hapa, kwa kuwa kuyachanganya kumewagharimu wengi. Jambo la kwanza ni mahali pa kufungulia kesi, na la pili ni mahali pa kukatia rufaa. Katika lile la kwanza sheria ina huruma: Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaizuia mahakama ya rufaa kupokea pingamizi kwamba kesi ilifunguliwa katika eneo lisilo lake, isipokuwa kama pingamizi hilo lilitolewa mapema iwezekanavyo katika mahakama iliyoanza kusikiliza kesi, na kama kweli haki ilipotoka kwa sababu hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, nayo inasema hukumu haitenguliwi kwa sababu tu kesi iliendeshwa katika wilaya au mkoa usiohusika, kama upotofu wa haki haukutokea. Kwa hiyo mdaiwa wa Magindu aliyeshtakiwa wilaya nyingine, akanyamaza, akatoa ushahidi na kushindwa, asitegemee kuokolewa na hoja ya eneo kwenye rufaa. Katika jambo la pili hakuna ulegevu wa aina hiyo, kwa maana mahakama ambayo sheria haikuipa rufaa haiwezi kuipata kwa sababu mjibu rufaa, yaani aliyeshinda chini, amekaa kimya.

Ardhi ina ramani yake yenyewe, na kwa kata ya wakulima na wafugaji kama Magindu pengine ndiyo ramani inayohitajika zaidi. Mahakama za mahakimu hazina mamlaka ya madai juu ya migogoro inayohusu Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo imekabidhiwa kwa vyombo vilivyotajwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Sura ya 216. Mtu aliyeshinda kesi ya umiliki wa shamba katika mahakama ya mwanzo ana ushindi ulio hatarini, kwa sababu mahakama ya juu inaweza kuufuta wote mara tu suala la mamlaka litakapoonekana, hata kama hakuna aliyelitaja. Baraza la Kata lilikuwa likiamua migogoro hiyo, na rufaa zake zilikwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndani ya siku 45, lakini marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo wa kuamua na kuliachia kazi ya usuluhishi peke yake. Leo, usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji hufungua shauri jipya katika Baraza la Wilaya, na kinachoitwa na watu wengi “rufaa ya Baraza la Kata” si rufaa tena.

Baraza la Ardhi na Nyumba, licha ya jina lake, linaweza kuanzishwa kwa ajili ya wilaya, mkoa au kanda. Hukumu nyingi zinazohusu eneo hili zinalitaja baraza lililoketi Kibaha kama la Mkoa wa Pwani, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba mpaka wa baraza si lazima ufanane na ule wa mahakama ya wilaya. Mwenye mgogoro wa shamba lililo kwenye mpaka wa Kibaha na Kisarawe anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa ada: shamba liko upande gani kwa mujibu wa ramani ya kijiji au hati iliyopo, na baraza gani linahudumia upande huo. Ikiwa shamba limekatwa na mpaka, Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambayo mabaraza huitumia pale kanuni zao zinapokuwa na upungufu, inaruhusu shauri kufunguliwa upande wowote kati ya hizo mbili. Ikiwa mpaka wenyewe haujulikani kwa hakika, chombo chochote kati ya vile vinavyohusika kinaweza kuendelea baada ya kuandika kwenye kumbukumbu kwamba kimeridhika kuwa kuna sababu ya shaka hiyo. Mdaawa makini huomba maneno hayo yaandikwe siku ya kwanza, kwani ndiyo yatakayolikinga shauri kwenye rufaa.

Kutoka mahakama ya wilaya au baraza la ardhi, rufaa hupanda hadi Mahakama Kuu, na hapo wazo la mpaka hubadilika kabisa. Mahakama Kuu ya Tanzania ni moja, na mamlaka yake yanaenea Tanzania Bara yote. Kinachoitwa Mahakama Kuu ya Dar es Salaam au ya Morogoro ni masijala ndogo, yaani ofisi inayopokea na kutunza majalada, pamoja na majaji wanaoketi hapo. Mkoa wa Pwani umehudumiwa kwa miaka mingi na masijala ya Dar es Salaam, ambayo awali ilibeba pia Mkoa wa Morogoro kabla Morogoro haijapata masijala yake. Mgawanyo huo ni wa kiutendaji, hivyo kosa la masijala si sawa na kosa la mahakama, na jalada linaweza kuhamishwa. Hata hivyo, si busara kuifanya tofauti hiyo kuwa ruhusa ya kufungua rufaa popote, kwa sababu jalada lililozunguka kutoka masijala moja hadi nyingine hupoteza miezi, na anayeumia ni yule ambaye shamba lake linalimwa na mwingine.

Mkazi wa Magindu ananufaika na utaratibu mmoja ambao wengi hawaujui. Shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo, likaamuliwa kwa rufaa na Mahakama ya Wilaya ya Kibaha, linapopelekwa Mahakama Kuu, hati ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 katika Mahakama ya Wilaya hiyo hiyo iliyoamua, nayo ndiyo yenye wajibu wa kuituma Mahakama Kuu pamoja na kumbukumbu za shauri. Mrufani anayeikimbiza hati moja kwa moja Dar es Salaam, akidhani anafupisha njia, amekosea mlango. Shauri lililoanzia katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lenyewe lina utaratibu tofauti: rufaa ya madai huwasilishwa Mahakama Kuu, kwa kawaida ndani ya siku 90 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, wakati katika jinai mrufani hutoa kwanza taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, kisha hati ya rufaa ndani ya siku 45. Shauri lililoamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba kama chombo cha mwanzo lina siku 45.

Nakala ya hukumu iombwe kwa barua siku ile ile hukumu inaposomwa, na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa mapokezi itunzwe, kwa kuwa katika rufaa zinazohitaji kuambatishwa hukumu, siku za kuisubiri haziingizwi katika hesabu. Lakini kanuni za mwaka 1964 zinazoongoza rufaa za madai yaliyoanzia mahakama za mwanzo hazikuweka sharti la kuambatisha nakala, na kwa hiyo anayekaa kuisubiri hadi siku 30 zikapita anaweza kuambiwa kwamba alikuwa anasubiri kitu kisichotakiwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama katika ngazi zote, hivyo hakuna anayelazimika kutafuta mtu wa kumwandikia sababu za rufaa kwa Kiingereza. Mifumo ya kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki imepunguza safari, ingawa haikugusa mipaka: anayefungua rufaa kwa simu akiwa Magindu bado anachagua mahakama, na mfumo hautamsahihisha.

Juu ya ngazi zote hizo ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kabla yake ilikuwapo mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1902 chini ya Waingereza na ambayo hatimaye ilisikiliza rufaa kutoka nchi kadhaa, hadi ilipokufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Tanzania ikaunda yake mwaka 1979. Mahakama hii huketi katika miji mbalimbali, lakini popote inapoketi ni mahakama ile ile na neno lake linazifunga mahakama zote za chini. Marekani ilichagua njia nyingine: mahakama zake za rufaa za shirikisho zimegawanywa katika maeneo 12 ya kijiografia, pamoja na moja ambayo mamlaka yake hutokana na aina ya shauri, na hutokea sheria moja ikatafsiriwa kwa namna mbili katika maeneo mawili hadi Mahakama ya Juu iamue. Mfumo wa Tanzania unaiepuka adha hiyo, na kwa nchi ambayo mtu wake wa kawaida hana uwezo wa kuajiri wakili kila mkoa, ni uchaguzi bora.

Anayetaka kufika Mahakama ya Rufani hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa Mahakama Kuu, na katika madai huwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Ikiwa madai yalianzia mahakama ya mwanzo, huhitaji pia hati ya Mahakama Kuu inayothibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa.

Mpaka pekee wa kijiografia unaoigusa Mahakama ya Rufani ni wa Muungano. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, ambayo si tawi la ile ya Bara, na uamuzi wa mahakama ya Unguja au Pemba hauwezi kupelekwa kwa jaji wa Dar es Salaam hata kama mrufani ni mzaliwa wa Magindu. Rufaa za Mahakama Kuu ya Zanzibar hufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, lakini Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imeyatoa nje mashauri ya tafsiri ya katiba hiyo na yale ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama ya kadhi. Mgogoro baina ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nao hauendi huko, kwa kuwa una Mahakama Maalumu ya Katiba.

Arusha, ziliko mahakama mbili za kimataifa, hutajwa mara nyingi na watu waliokata tamaa, kana kwamba ni ngazi iliyo juu ya Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huangalia kama nchi mwanachama imekiuka Mkataba wa Jumuiya, nayo haipitii hukumu ya shamba kwa njia ya rufaa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo si mahakama ya rufaa, na tangu Novemba 2020, kujiondoa kwa Tanzania katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja kulipoanza kufanya kazi, mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya mtu mmojammoja.

Mrufani aliyekwishapotea njia bado ana la kufanya. Akigundua kosa mapema, aombe kuiondoa rufaa mwenyewe kabla haijasikilizwa, kwa kuwa rufaa iliyoondolewa kwa kukosa mamlaka haijaamuliwa, tofauti na iliyotupwa baada ya hoja zake kupimwa. Muda ukiwa umepita, huomba kuongezewa muda katika mahakama iliyo sahihi, kwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa. Mahakama hutofautisha kuchelewa kwa uzembe na kuchelewa kwa kitaalamu, ambako mtu aliwahi kufika mahakamani kwa wakati lakini kwa mlango usio wake, na huyu wa pili husikilizwa kwa huruma zaidi iwapo alichukua hatua bila kusitasita. Hati hiyo ieleze tarehe ya hukumu, tarehe ya kufungua rufaa ya kwanza na tarehe ya kuondolewa kwake, iambatishwe amri ya kuiondoa, na itoe maelezo ya kila siku iliyopita kuanzia amri hiyo hadi siku ya kuwasilisha maombi, kwani hata siku moja isiyoelezwa inaweza kutosha kuyaangusha.